Chipukizi, tunguu au mche wa tishu: migomba ya nyumbani uianze na kipi?

Migomba yangu ya kwanza hapa Usa River, Arusha, ilitokana na machipukizi manane niliyoyabeba kutoka kihamba cha baba, shamba la nyumbani kule Marangu, Kilimanjaro. Yalikuwa ya mchare, ndizi ya kupika, manene, yameshiba, na mama ndiye aliyenichagulia. Nilichimba mashimo, nikatia samadi, nikapanda masika yalipoanza. Mkungu wa kwanza tulipikia mtori wiki nzima. Mwaka wa tatu migomba ikaanza kuanguka, upepo mdogo tu ukipita iko chini. Nilipopasua tunguu la mmoja, lile donge la chini ya udongo, nikakuta limejaa mahandaki meusi, kama boriti iliyoliwa na mchwa. Alikuwa fukusi wa migomba.

Kilichoniuma ni kwamba fukusi yule hakuja mwenyewe. Mdudu huyu ni mweusi, mdogo wa kama sentimita moja, anatambaa polepole usiku na ni nadra sana aruke. Akihama kutoka wilaya moja kwenda nyingine, mara nyingi ni kwa sababu amebebwa. Nilimbeba mimi, kwenye buti ya gari, pamoja na udongo wa nyumbani niliouacha kwenye mizizi makusudi nikidhani utausaidia mmea kuzoea.

Tangu hapo nimeotesha migomba kwa njia zote tatu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia: chipukizi linalong'olewa kwa mama, yaani mgomba uliolizaa; tunguu linaloamshwa macho yake kwenye kitalu; na mche wa maabara ambao wauzaji wanauita mche wa tishu. Zamani mtu akiniuliza ipi ni nzuri nilimlinganishia bei na kasi. Siku hizi naanza na swali jingine: mama wa mche huo unamfahamu, na umeshamwona kwa macho yako?

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Mgomba si mti. Kile tunachokiita shina ni magome ya majani yaliyokumbatiana. Ukiyabandua moja moja hadi ndani hukuti gogo. Shina la kweli ni tunguu, lile donge lililofukiwa, na watoto wote hutoka kwenye macho ya tunguu hilo. Ndiyo maana kipande cha shina la juu ukikichomeka hata kwenye tope zuri kitaoza tu. Mbegu nazo tuziache, kwa sababu ndizi tunazokula hazina mbegu ya kuotesha. Vile vidoa vyeusi katikati ya tunda ni mbegu ambazo hazikukomaa. Kwa hiyo njia zote tatu chanzo chake ni kimoja. Ama unamchukua mtoto na tunguu lake, ama unayaamsha macho ya tunguu moja yatoe watoto wengi, ama maabara inachukua ncha ndogo iliyo katikati ya tunguu na kuizidisha ndani ya chupa. Mche utakaoupata ni mgomba ule ule wa mama, kwa utamu wake na kwa udhaifu wake.

Chipukizi

Hii ndiyo njia ya wazee na bado naitetea. Chipukizi la jirani ni bure, au ni soda. Lina akiba ya chakula kwenye tunguu lake, kwa hiyo mvua ikikatika wiki mbili halifi. Na unaiona aina unayoichukua: mama yake yuko pale na mkungu wake, umeshakula ndizi zake. Kwa mtu anayetaka mashina matano hadi ishirini nyuma ya nyumba, sioni sababu ya kutafuta kitu kingine, ikiwa shamba la mama ni salama.

Chagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka kama sime, nene chini na jembamba juu. Hilo limeshikamana vizuri na mama na tunguu lake limejaa. Liache lile lenye majani mapana likiwa bado fupi, ambalo wakulima hulitambua kama chipukizi la maji. Linapendeza kwa macho, lakini tunguu lake ni dogo na mkungu wake wa kwanza huwa hafifu. Kimo cha goti hadi kiuno kinatosha. Usilivute kwa mikono. Fukua pembeni mpaka uone shingo linapoungana na mama, kisha piga mtarimbo hapo, katikati ya mtoto na mama, likatike na tunguu lake zima. Na usimnyang'anye mama watoto wote. Shina likae na mama, mtoto na mjukuu. Hao wengine ndio wa kugawa.

Sasa kazi ambayo sikuifanya safari ile ya Marangu. Kabla chipukizi halijaondoka kwenye shamba la mama, limenye. Kata mizizi yote, kisha menya tunguu kama unavyomenya muhogo mpaka libaki jeupe tupu. Ukikuta vijishimo vya kahawia, fuata kwa kisu uvitoe. Vikizidi kuingia ndani, litupe chipukizi hilo. Maganda yake yaache kule kule, mbali na migomba, yakauke juani. Kazi hii peke yake inaondoa mayai mengi ya fukusi na sehemu kubwa ya ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho ambayo huozesha mizizi.

Baada ya hapo maji ya moto. Njia ya zamani ni kuloweka tunguu lililomenywa kwa dakika 20 kwenye maji ya nyuzi joto 52 hadi 55. Inafaa, ila unahitaji kipimajoto na moto unaoudhibiti vizuri, kwa sababu maji yakipoa wadudu wanabaki na yakizidi moto tunguu linaiva. Kwa nyumbani napendelea njia ambayo wataalamu wa taasisi ya utafiti ya IITA wamekuwa wakiieneza: maji yanayochemka kabisa, sekunde 30 tu. Sufuria kubwa la shughuli, kuni za kutosha, na mtu mmoja anayehesabu kwa sauti. Sekunde 30 ni 30. Ukipitiwa ukafika dakika mbili umepika tunguu. Litoe, liache kivulini lipoe, upande siku hiyo au kesho yake.

Mara ya kwanza watu wakiniona nachovya chipukizi kwenye maji yanayotokota hunishika mkono. Nawaelewa, inaonekana kama kuua. Lakini joto lile linaingia sehemu ya nje ya tunguu tu, pale wadudu walipo, na jicho la katikati linabaki hai.

Kuna kitu maji ya moto hayawezi kukiondoa, na hapa nawaomba wasomaji wa Kagera, Kigoma, Uganda, Burundi na Kongo wasome kwa makini. Mnyauko wa bakteria, ambao Kagera wengi wanauita unyanjano, ulionekana Uganda mwaka 2001 na ukafika Kagera mwaka 2006. Bakteria wake wako ndani ya utomvu, si kwenye ngozi ya tunguu. Chipukizi linaweza kuonekana zima kabisa huku limeshabeba. Ukiona hata shina moja shambani kwa mwenzako majani yananyauka na kuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani zina rangi ya kahawia, au shina likikatwa linatoa usaha wa njano, usichukue chipukizi shamba lile. Usichukue hata upande wa pili wa shamba, na panga lililotumika pale usilitumie kwako kabla hujalipitisha motoni.

Virusi vya kusongamanisha majani, vilivyosumbua Burundi na mashariki ya Kongo kwa miaka mingi na Kigoma vimeshaonekana, navyo huambukizwa na vidukari na machipukizi. Mgomba wenye ugonjwa huo majani yake huwa membamba, mafupi, yamesimama yamebanana kileleni kama fagio. Hauna dawa. Halafu kuna Panama, ugonjwa wa ukungu wa udongoni unaoua kwa wingi migomba ya kisukari, ile ndizi tamu: majani ya chini yanakuwa manjano na kuning'inia kama sketi, na shina ukilipasua lina michirizi ya rangi ya kahawia au nyekundu. Ukungu huo hukaa udongoni miaka mingi baada ya mgomba kufa. Chipukizi la kisukari kutoka shamba kama hilo linakuja na Panama, na Panama ikishaingia kwenye udongo wako hutapanda tena kisukari pale.

Kwa hiyo chipukizi ni njia bora kuliko zote ukimjua mama, na ya hatari kuliko zote usipomjua. Lile la kununua kwenye mnada, ambalo muuzaji mwenyewe hajui limetoka wapi, mimi silibebi.

Tunguu kwenye unga wa mbao

Tuseme una shina moja tu la aina unayoipenda. Labda mzuzu kutoka kwa shangazi, au moja ya zile chotara mpya ulizopewa kwenye maonyesho ya Nane Nane. Ukisubiri machipukizi utapata matatu au manne kwa mwaka. Hapo tunguu ndilo jibu.

Njia hii ilikuzwa Kameruni, kwenye kituo cha utafiti wa ndizi cha CARBAP, ambako wanaiita PIF, kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha miche inayotokana na vipande vya shina. Unachukua chipukizi zima ambalo halijatoa mkungu, unalimenya na kulichovya kama nilivyoeleza, kisha unabandua magome ya majani moja baada ya jingine, ukiyakata karibu kabisa na tunguu lakini bila kuligusa jicho lililojificha chini ya kila gome. Ukimaliza una donge jeupe lenye pete pete. Juu yake, pale ncha ya kukua ilipo, unakata msalaba wa kina cha sentimita mbili au tatu. Ncha ile ndiyo inayoyazuia macho mengine yasichipue. Ukiiharibu, yote yanaamka.

Unaliacha kivulini siku moja au mbili likauke majeraha, halafu unalifukia kwenye unga wa mbao, ule laini unaodondoka chini ya msumeno, si maranda. Unga huo lazima upikwe kwanza kwa mvuke: pipa, maji chini, wavu juu yake, unga juu ya wavu, moto saa kadhaa. Usichukue unga wa mbao zilizowekwa dawa. Sanduku la mbao au matofali linafunikwa kwa nailoni angavu ili unyevu na joto vibaki ndani, na juu yake kivuli. Baada ya wiki mbili tatu vichwa vya kijani vinaanza kuchomoza. Ukitaka wengi zaidi, chipukizi dogo likifika ukubwa wa kidole unalikata na kulipasua msalaba tena, na pale linatoa mengine. Yakiwa na majani matatu na mizizi yake, unayatenga na kuyahamishia kwenye viriba vyenye udongo na samadi, chini ya kivuli, wiki sita hadi nane.

Wanaoifanya kila siku hupata miche 20 na zaidi kwa tunguu moja ndani ya miezi minne hivi. Mimi mara ya kwanza nilipata sita. Tunguu mbili zilioza kwa sababu nilimwagilia kama namwagilia mchicha. Unga wa mbao unatakiwa uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, basi. Mara ya pili nilipata kumi na nne kwa tunguu moja na nikaona kazi inalipa.

Mwalimu wa shule anayetaka mradi wa klabu, kikundi cha akina mama, kijana anayetaka kuuza miche mtaani: hii ndiyo njia yao. Gharama ni mbao, nailoni na muda. Lakini kumbuka kwamba kitalu hiki hakisafishi ugonjwa uliomo kwenye utomvu. Tunguu lenye unyanjano litakupa miche kumi na minne yenye unyanjano, na ukiiuza umeusambaza kwa kaya kumi na nne. Kosa la chipukizi moja linakaa kwako. Kosa la kitalu linasafiri.

Kuna namna rahisi zaidi ya kuyaamsha macho bila sanduku wala unga. Mgomba ambao haujatoa mkungu unautoboa dirisha karibu na ardhi, unaiharibu ncha ya kukua, kisha unainulia udongo kuzunguka shina. Machipukizi yanatoka kadhaa kwa mkupuo. Ni nzuri kwa nyumbani, ila unautoa mhanga mkungu wa mgomba ule.

Mche wa tishu

Huu unatoka maabara. Tanzania vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, Tengeru hapa jirani na Maruku kule Bukoba, ndipo mahali pa kuanzia kuulizia. Kenya miche hii ilianza kufika kwa wakulima wadogo mwishoni mwa miaka ya 1990, na chuo cha JKUAT kule Juja kimejulikana kwayo. Kwa kuwa unakuzwa kutoka kwenye ncha ndogo sana, ndani ya chupa safi, hauji na fukusi, hauji na minyoo, hauji na ukungu wa Panama. Virusi ni habari nyingine: vinaweza kupita ndani ya tishu, kwa hiyo maabara makini humpima mama kwanza. Muulize muuzaji kama mama amepimwa. Akikutazama bila jibu, umeshajibiwa.

Uzuri wake mwingine ni ulingano. Miche 100 uliyoipanda siku moja inakwenda pamoja na kutoa mikungu karibu kwa wakati mmoja. Kwa anayepanda eka nzima, ambayo kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni mashina kama 450, jambo hilo ni pesa: mnunuzi analeta gari moja linajaa. Kwa mwenye mashina kumi ya kula nyumbani ni usumbufu. Mikungu kumi ikiiva wiki moja utaipeleka wapi?

Udhaifu wake wengi hawaambiwi dukani. Mche wa tishu hauna tunguu lililojaa. Unaupanda ukiwa wa sentimita 30 hivi, na akiba yake ni majani yake machache. Miezi minne mitano ya mwanzo hauvumilii ukame wala magugu, na mbuzi akipita mara moja umeisha. Ukiwa na bomba au mfongo (mfereji wa maji) na mtu wa kushinda nyumbani, sawa. Ukiwa na shamba unalolitembelea mwisho wa mwezi, pesa yako imekwenda. Hakikisha pia umeshazoeshwa jua kwenye kitalu wiki sita hadi nane baada ya kutoka chupani. Uliotoka moja kwa moja kivulini huungua majani siku ya pili. Na mara moja moja hutokea mche ulioharibika umbile, wenye majani yaliyokunjamana au mabaka; uache pale pale kitaluni.

Tena usafi wake ni wa siku ya kupanda tu. Ukiuweka katikati ya migomba ya zamani yenye fukusi, watatembea usiku kutoka shina la jirani na kuufikia. Nimeona watu wakinunua miche safi kwa bei kubwa na kuichomeka kwenye mapengo ya shamba chafu, kisha wakasema tishu ni uongo.

Kwa hiyo kwako ni ipi?

Muda wa kungoja mkungu usiwe kigezo chako, maana haupishani sana: miezi 12 hadi 18 kutegemea aina na baridi ya mahali. Angalia mambo matatu: ugonjwa ulioko eneo lako, maji, na idadi unayoitaka.

Kama eneo lenu halina unyanjano wala majani kusongamana, na unataka mashina machache, chukua chipukizi kwa mtu unayemfahamu, limenye, lichovye. Kama umepata aina moja adimu na mama yake ni mzima, tengeneza sanduku la unga wa mbao. Kama uko Kagera au Kigoma na jirani zako wameshang'oa mashina, usifanye biashara ya huruma: nunua tishu kwenye kituo kinachoaminika, panda kwenye ardhi iliyopumzika bila migomba, na mwagilia. Ukitaka kisukari mahali palipokufa kisukari kwa Panama, hakuna njia kati ya hizi itakayokusaidia, kwa sababu shida iko kwenye udongo. Badilisha aina, mchare na matoke wanakuwa na bahati nzuri zaidi pale kuliko kisukari, lakini muulize bwana shamba wa kata ni aina zipi zimesimama.

Unaweza pia kuchanganya, na hivi ndivyo nilivyofanya baada ya ile migomba minane ya Marangu kufa. Niliacha kipande kile bila migomba, nikalima maharage na viazi vitamu. Upande wa pili wa kiwanja nikapanda miche sita ya tishu, nikaimwagilia kwa ndoo kila jioni hadi mvua zikakamata. Ilipokomaa nikawa na mama sita ninaowajua tangu siku ya kwanza, na tangu hapo kila kinachoongezeka hapa kinatokana na machipukizi yao. Gharama ya tishu nililipa mara moja tu.

Mwezi wa sita mama alishuka kutoka Marangu kutusalimia, na wakati wa kuondoka akataka machipukizi mawili akayapande pembeni ya nyumba. Nikayang'oa, nikaketi kwenye kigoda kuyamenya mpaka yakawa meupe, nikambandikia sufuria. Alinitazama nachovya la kwanza, akasema, "Mwanangu, sasa hilo si umelipika?" Nikamwambia, "Hapana mama, wewe nihesabie tu." Akahesabu hadi 30, kwa Kichagga.